Charles Studd, Tajiri Aliyekuja Kongo Bila Mali

 

Katika toleo hili tunaendelea na maisha ya watu wa Mungu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua Mwingereza ambaye wazee wetu wa Niangara, Nala na Ibambi walimwita Bwana Mukubwa. Jina lake ni Charles Thomas Studd. Tumemchagua kwa sababu ya jambo lililotukuta hapa kambini, nasi hatutalificha.

Ninyi nyote mnajua hali ilivyo tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023. Siku ya kupokea pesa ilikuwa siku ya furaha. Sasa imekuwa siku ya ugomvi. Baada ya mgao uliopita, familia tatu zilikuja mlangoni kwetu katika juma moja. Mume ameshika pesa yote, mke anadai ya sabuni na chumvi, watoto wamekaa katikati wanasikiliza. Katika juma lilo hilo alipita mhubiri mgeni. Alifundisha kwamba anayetaka baraka apande mbegu ya pesa, na kwamba anayekaa katika umaskini amekaa katika laana. Mama mmoja mjane alitoa pesa yote ya mgao wake. Siku chache baadaye alikuja kwetu kuomba unga. Hakulia. Alituuliza tu kama Mungu amemkataa, kwa maana alipanda na hakuna kilichoota.

Tulimpa unga. Jibu la swali lake hatukuwa nalo vizuri siku ile. Tuliporudi nyumbani tulifikiri sana, na maisha ya Studd yalitujia moyoni.

NYUMBA YA FARASI

Charles alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 katika kijiji cha Spratton, Uingereza. Baba yake, Edward Studd, alikuwa amepata utajiri mkubwa katika kilimo huko India, kisha akarudi kwao kula matunda ya jasho lake. Alikaa katika jumba kubwa lililoitwa Tedworth, akawa na watumishi wengi. Alipenda mashindano ya farasi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1866 farasi wake aliyeitwa Salamander alishinda mashindano ya Grand National, ambayo ni makubwa kuliko yote ya namna ile katika nchi yao. Kwa macho ya watu, mzee yule hakukosa kitu.

Halafu rafiki yake mmoja alimpeleka London kumsikia mhubiri Mmarekani, Dwight Moody. Edward alikwenda kwa kusukumwa, lakini neno lilimkamata. Tangu siku ile aliacha mashindano, akauza farasi wake wengi, na ule ukumbi mkubwa wa nyumba yake akaugeuza kuwa mahali pa kuhubiri Injili. Alikuwa akipanda farasi kuwazungukia majirani ili awaalike kwenye ibada. Miaka kama miwili baadaye alikufa.

Wanawe watatu, Kynaston, George na Charles, walikuwa shuleni Eton. Waliona baba yao alivyokuwa na alivyobadilika. Tunaomba kila mzazi asimame kidogo hapa. Watoto wale walirithi mali nyingi, lakini walirithi pia jambo walilolishuhudia kwa macho yao: kwamba mtu aliyekwisha kupata kila kitu alitafuta furaha yake mahali pengine.

MCHEZAJI MASHUHURI

Charles naye aliokoka akiwa kijana. Lakini kwa muda wa miaka kama sita imani yake ililala, kwa sababu alikuwa na kitu kingine cha kupenda. Kitu hicho kilikuwa kriketi, mchezo wa mpira na gongo ambao Waingereza wanaupenda kama sisi tunavyopenda mpira wa miguu. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa nahodha. Mwaka 1882 alichezea timu ya taifa ya Uingereza dhidi ya Australia, na baadaye mwaka huo akasafiri nao hadi Australia kwenyewe. Jina lake lilikuwa katika magazeti. Kijana wa miaka 22 mwenye mali, afya na sifa. Vijana wetu leo wangetaka nini zaidi?

Mwaka 1884 ndugu yake George aliugua sana, akawa karibu na kufa. Charles alikaa kando ya kitanda usiku na mchana. Huko ndiko alikojiuliza sifa zote zile na mali yote ile vina faida gani kwa mtu anayelala pale. Mungu alimponya George, naye Charles akatoka katika chumba kile mtu mwingine. Alianza kuwaleta wachezaji wenzake kumsikia Moody. Baadaye alishuhudia kwamba alikuwa ameonja karibu anasa zote za dunia, na hakuna hata moja iliyompa furaha kama ile ya kumwona mtu wa kwanza akimpokea Yesu kwa ushuhuda wake.

Mwezi wa Februari 1885, vijana saba wa jamii za kitajiri, wengi wao wasomi wa Cambridge, waliondoka Uingereza kwenda China kama wamisionari chini ya mzee Hudson Taylor. Charles alikuwa mmoja wao. Walipofika, walivaa nguo za Kichina, wakajifunza lugha, wakala chakula cha wenyeji.

HUNDI TISA

Sasa tunafika kwenye jambo tulilotaka kuwaeleza. Kwa wosia wa baba yake, Charles alitakiwa kupokea urithi wake atakapotimiza miaka 25. Alitimiza umri huo akiwa China. Fungu lake lilikuwa kama pauni 29,000. Ili mpate kuelewa: kibarua wa shamba Uingereza katika miaka ile alipata chini ya pauni 50 kwa mwaka mzima. Angefanya kazi zaidi ya miaka 500 bila kula wala kuvaa ndipo apate pesa ile.

Charles alisoma katika Injili habari za yule kijana tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo na kuwapa maskini, naye akaenda zake kwa huzuni (Marko 10). Aliona kwamba neno lile lilimhusu yeye. Wakati huo alikuwa katika mji wa Chongqing, na ilihitajika hati ya kisheria itiwe sahihi mbele ya mwakilishi wa serikali ya Uingereza. Mwakilishi yule alipoelewa kijana huyu anataka kufanya nini, alikataa kutia sahihi. Alimpa majuma mawili akafikiri upya. Majuma mawili yalipokwisha Charles alirudi na neno lile lile, na hati ikatiwa sahihi.

Tarehe 13 Januari 1887 alituma hundi tisa. Nne zilikuwa za pauni 5,000 kila moja. Ya kwanza ilikwenda kwa Moody, na pesa hiyo ikasaidia kuanzisha chuo cha Biblia mjini Chicago. Ya pili ilikwenda kwa George Müller wa Bristol, kwa kazi ya misheni na kwa yatima wake. Ya tatu ilikwenda kwa maskini wa Whitechapel, mtaa wa mashariki ya London. Ya nne ilikwenda India kwa kazi ya Jeshi la Wokovu. Hundi nyingine tano zilikuwa za pauni 1,000 kila moja, kwa watumishi waliohudumia maskini na watoto wasio na wazazi katika London na Dublin. Miezi michache baadaye alijua hesabu kamili ya urithi wake, akatoa tena maelfu kadhaa.

Zilibaki pauni 3,400. Mwaka 1888 alimwoa Priscilla Stewart, binti wa Ireland aliyekuwa mmisionari huko huko China. Siku chache kabla ya ndoa, Charles alimpa mchumba wake zile pauni 3,400, kwa maana aliona si haki mke aingie katika nyumba isiyo na akiba yoyote. Priscilla alikataa. Alimkumbusha kwamba yule kijana wa Injili hakuambiwa atoe sehemu, aliambiwa atoe vyote. Kwa hiyo pesa ile nayo wakaituma kwa William Booth, mkuu wa Jeshi la Wokovu, nao wakafunga ndoa wakiwa wamevaa nguo za pamba za kawaida.

Wapendwa, tazameni vizuri jambo hili. Hapakuwa na mhubiri aliyesimama mbele ya Charles akimwambia apande mbegu ili avune mara mia. Hakuna aliyemwomba. Hakutoa ili apate zaidi. Na waliopokea walikuwa yatima, wenye njaa na wanafunzi wa Neno. Pesa ilitoka kwa mwenye nacho ikaenda kwa asiye nacho. Tulipoyafikiri hayo tuliona tofauti yake na lile lililomkuta mama yetu mjane. Kwake pesa ilitoka kwa asiye nacho ikaenda kwa mwenye nacho, na wakaiita imani.

SIKU CHAKULA KILIPOKWISHA

Ndoa ile haikuwa rahisi. Walikaa katika mji wa ndani kaskazini mwa China, mahali ambapo wageni walichukiwa. Watu walipokosa mvua waliwalaumu wao, na walipopita barabarani walitukanwa. Hata hivyo walifungua nyumba ya kuwasaidia watu waliofungwa na afyuni, na kwa muda wa miaka saba walipita humo watu wapatao 800. Mungu aliwapa mabinti wanne, na watoto wengine walikufa wangali wachanga.

Siku moja chakula chao kilikwisha na pesa pia. Hapakuwa na jirani wa kukopa kwake. Mume na mke walipiga magoti wakaomba, kisha wakaondoka wakiwa na amani. Barua zilipofika, ndani ya mfuko ilikuwamo barua ya mtu wasiyemjua, Frank Crossley, mwenye kiwanda cha injini mjini Manchester. Mungu alikuwa amemsukuma awatumie pauni 100.

Wahubiri wengi husimulia habari hii na kuishia kwenye muujiza. Sisi tungependa tumwangalie kidogo Crossley. Huyu hakuacha kiwanda chake. Alibaki tajiri, akafanya kazi, akatuma pesa. Bila mtu kama yeye, familia ile ingelala njaa. Biblia haisemi kwamba pesa ni dhambi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba ni kupenda pesa kunakoleta maumivu mengi, na katika barua ile ile akawaagiza matajiri wawe wepesi wa kutoa (1 Timotheo 6). Sisi wenyewe tuliosoma chuo cha Biblia tulilipiwa ada na watu ambao hatukuwahi kuwaona uso kwa uso. Mahindi ambayo watoto wetu wamekula miaka hii yote yalinunuliwa kwa pesa ya mtu fulani.

KUVUKA ZIWA LETU

Mwaka 1894 familia ya Studd ilirudi Uingereza, afya ikiwa imeharibika. Tangu mwaka 1900 hadi 1906 Charles alikuwa mchungaji India, akisumbuliwa na pumu. Kisha mwaka 1908, akiwa Liverpool, aliona tangazo mlangoni lililosema kwamba walaji watu wanahitaji wamisionari. Lilikuwa tangazo la dharau kwa babu zetu. Aliingia ndani kwa udadisi tu, lakini alitoka akiwa na mzigo wa Afrika ya kati moyoni.

Alikuwa na miaka karibu 50. Daktari alimkataza. Wafanyabiashara waliokuwa wameahidi kumsaidia waliposikia neno la daktari waliondoa ahadi yao. Hakuwa na pesa, wala mali ya kuuza, maana alikuwa amekwisha kutoa yote. Hata hivyo mwaka 1910 alikwenda Sudan kuangalia, na mwaka 1913 akaondoka tena pamoja na kijana Alfred Buxton. Walipitia Mombasa, Nairobi na Uganda, wakafika Ziwa Albert, wakavuka kuingia Kongo ya Wabelgiji. Mwezi wa Oktoba 1913 walifika Niangara, kando ya mto Uele.

Ndugu zangu, ziwa lile ni lile lile. Yeye alivuka kuelekea kwetu. Sisi tumevuka kutoka kwetu. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2003, na wengine mmekuja baadaye, mwaka 2018, kwa mitumbwi ile ile.

Turuhusuni tuwaeleze tuliloliona sisi wenyewe katika mwaka ule wa 2003. Katika mtumbwi wetu alikuwamo mfanyabiashara mmoja. Upepo ulipoanza, mwenye mtumbwi aliamuru vitu vizito vitupwe majini. Vilikwenda baiskeli, cherehani, magunia. Mtu yule alitupa vyote ila mfuko mdogo aliokuwa ameufunga kifuani. Tulipofika upande wa Uganda alikaa chini juu ya mchanga akalia kama mtoto. Pesa yake ilikuwapo yote, lakini mke wake na mtoto walikuwa wamebaki ng'ambo katika mkanyagano. Aliufungua ule mfuko mbele ya wavuvi, akawaomba mmoja wao arudi kuwachukua. Hakuna aliyekubali usiku ule. Asubuhi aliwanunulia watoto wote wa mtumbwi ule uji na ndizi. Siku ya tisa mke wake alifika. Sisi tulikuwapo. Katika furaha ile hatukumsikia mtu akiuliza ni pesa kiasi gani iliyobaki.

BWANA MUKUBWA WA IBAMBI

Studd alifanya kazi Kongo hadi kufa kwake, isipokuwa alirudi Uingereza mwishoni mwa 1914 hadi 1916. Makao yake ya mwisho yalikuwa Ibambi. Aliishi katika nyumba ya miti na nyasi, sakafu ya udongo, kitanda kilichotengenezwa na wenyeji. Yule aliyelelewa katika jumba la Tedworth alikuwa sasa hana kitu ambacho mwizi angehangaika kukibeba. Na bado waliomwona walisimulia juu ya uchangamfu wake. Alianza ibada kwa kupiga banjo na kuimba kwa muda mrefu, na watu walikuja kwa mamia, hata kupita elfu moja, wengine wakitembea kwa siku kadhaa. Usiku alikaa na taa akitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo. Misheni aliyoianzisha, iliyoitwa ya Moyo wa Afrika, ndiyo mama wa kanisa ambalo wengi wenu mmebatizwa ndani yake, CECCA 16.

Sasa sikilizeni habari za ndugu wawili. Mwaka 1928 Kynaston Studd, yule kaka wa Charles, alifanywa Meya wa London. Ni cheo kikubwa sana, chenye mavazi ya heshima na karamu. Katika mwaka ule ule Charles alikuwa Ibambi katika nyumba ya nyasi. Mtu anaweza kusema mmoja alichagua vema na mwingine vibaya. Lakini Kynaston naye alikuwa mcha Mungu. Kwa miaka mingi aliongoza shule kubwa ya London iliyofundisha ufundi na elimu kwa vijana wafanyakazi. Mungu aliwatumia wote wawili. Tunaandika haya ili mtu asifikiri kwamba umaskini wenyewe ndio utakatifu. Njaa haimfanyi mtu kuwa karibu na Mungu. Mwenye hekima wa Mithali alimwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri (Mithali 30), naye alijua alichoomba.

GHARAMA ALIYOILIPA

Hatupendi kumfanya Studd kuwa malaika. Alikuwa mtu mgumu. Alitaka wamisionari wote wafanye kazi kama yeye, na alikuwa akifanya kazi mchana na usiku. Waliochoka aliwahesabu kuwa wavivu, na wengine aliwaondoa, hata Alfred Buxton ambaye alikuwa amemwoa binti yake. Katika miaka ya mwisho, kwa sababu ya maumivu, alitumia dawa kali ya morfini, na kamati ya London ilimlaumu kwa hilo na kwa ukali wa maneno yake.

Aliyelipa zaidi, kwa maoni yetu, ni Priscilla. Alikuwa mgonjwa wa moyo, akabaki Uingereza kuendesha ofisi ya misheni, kuandika barua na kuwatuma wamisionari. Tangu mwaka 1916 hawakuonana, hadi mwaka 1928 alipokuja Ibambi kwa majuma mawili tu. Wakristo wa Ibambi, waliozoea kusikia kwamba mama amebaki kwao kwa ajili yao, walimwona kwa macho. Kisha akaondoka, na mwezi wa Januari 1929 akafa huko Hispania. Mume wake alikuwa Kongo.

Wale kati yetu ambao mume yuko migodini na mke yuko kambini, au watoto wako Marekani na wazazi wako hapa, wanaelewa. Kutoa pesa hakukuwa jambo gumu kuliko yote katika maisha ya watu wale. Na hatuwezi kusema kwamba walikuwa na furaha kila siku. Tunachoweza kusema ni kwamba furaha yao haikupanda na kushuka pamoja na pesa. Walipokuwa nayo iliwatoka bila majonzi. Walipoikosa hawakujiona wamelaaniwa.

Charles Studd alikufa Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akiwa na miaka 70. Jumapili iliyotangulia alikuwa bado akiongoza ibada. Watu wapatao 2,000 walikuja kumzika.

KWETU SISI WAKIMBIZI

Mtu atatuambia: Mchungaji, Studd alichagua, sisi hatukuchagua. Ni kweli kabisa. Yeye alitoa urithi wake kwa kalamu, sisi tulinyang'anywa ng'ombe wetu, mashamba yetu na nyumba zetu kwa bunduki. Haya mawili si sawa, na mhubiri yeyote anayewaambia kwamba kupoteza kwenu ni zawadi, msimsikilize. Kupigania mgao wa haki, kulima, kufanya biashara ndogo, kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa, kusomesha watoto, hayo yote ni mema. Shilingi inayonunua dawa ya malaria inaleta furaha ya kweli nyumbani. Nani atakana?

Lakini tumejifunza mambo matatu katika maisha haya, nayo ndiyo tunayowaachia.

La kwanza, pesa ina mahali inapokoma. Inaweza kununua uji. Haikuweza kumrudisha mke ng'ambo ya ziwa usiku ule. Wale wanaosubiri kupelekwa nchi ya tatu, wakidhani furaha inawangoja huko ndani ya mshahara, wapigieni simu waliokwenda, mwaulize pole pole. Watawaambia habari za pesa, na pia habari za upweke.

La pili, pesa inayofichwa ndani ya nyumba moja inaharibu nyumba. Priscilla na Charles waliweka hesabu yao mezani kabla ya ndoa, na mke alikuwa na neno la mwisho. Enyi wababa, siku ya mgao ijayo, kaeni chini na wake zenu, mhesabu pamoja mbele ya Mungu. Ni kidogo, tunajua. Kidogo kilichohesabiwa pamoja hakileti ngumi.

La tatu ni jibu letu kwa yule mama mjane. Mama, Mungu hakukukataa. Hukukosea kumpenda, waliokosea ni waliochukua cha mtoto wako kwa jina lake. Umaskini wako si laana, wala utajiri wa yule mgeni si baraka. Katika mfano wa Yesu, Mungu alimwambia tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi kwamba ni mpumbavu (Luka 12). Hatujui mahali alipomwita mjane hivyo.

Baraza la wazee limekubaliana kwamba, kuanzia sasa, mhubiri mgeni asichangishe pesa kanisani kwetu bila wazee kujua. Pia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, badala ya sadaka ya pesa, kila mwenye nafasi alete kikombe kimoja cha mahindi au maharage. Vitagawiwa siku ile ile kwa wajane, wazee na wagonjwa, mbele ya macho ya wote. Asiye na kikombe asibaki nyumbani kwa aibu. Aje apokee.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini Priscilla alikataa zile pauni 3,400? Wewe ungefanya nini?
2. Crossley alibaki tajiri na Studd akawa maskini. Je, wote wawili walimtii Mungu?
3. Katika nyumba yetu, nani anajua pesa yote iliyoingia mwezi huu?
4. Taja siku moja hapa kambini ulipofurahi sana. Pesa ilihusika kwa kiasi gani?

Mungu wa amani awalinde, awape mkate wa leo, na awape moyo wa kutosheka. Amina.

Ni sisi mchungaji wenu.